Neno "Kuokoa" na Boksi la Rekodi Mitunguu

Wakusanyaji wa rekodi za zamani wana neno lao pendwa: kuokoa. Ukikaa nao utagundua karibu hakuna anayesema alinunua. Mmoja aliokoa boksi zima kutoka kwa baa iliyokuwa ikifungwa. Mwingine aliokoa santuri za baba ya rafiki yake zisitupwe na wapangaji wapya. Mimi nimeanza kukusanya miaka michache tu iliyopita, na neno hilo nililipata kwao pamoja na mazoea mengine, kama kunusa jalada kabla ya kulifungua na kuinamisha rekodi kwenye mwanga ili kuona mikwaruzo.

Ni neno zuri. Shida yake ni kwamba limebeba hoja ndani bila kuisema. Anayeokoa mtoto mtoni hatumuulizi alikuwa na ruhusa gani ya kumshika. Na kwa kuwa rekodi hii ingeoza bila mimi, basi (hoja inaendelea kimyakimya) bei niliyolipa si neno, aliyeniuzia hana la kulalamika, na kuanzia leo ni yangu, nifanye nitakavyo. Hivi kweli kuokoa kitu kunampa mtu haki zote hizo? Swali hili limenikaa kichwani tangu mwaka jana, na limekaa vibaya zaidi kwa sababu linahusu ushago.

Kwetu ni Mitunguu, Imenti Kusini, kule chini kwenye joto ukishateremka kutoka Nkubu. Kama unakula ndizi Nairobi, kuna uwezekano mkubwa umeshakula za kwetu bila kujua. Maji ya mradi wa umwagiliaji ndiyo yaliyotutoa, na siku ya soko utakuta malori, mikungu imepangwa chini kama askari kwenye gwaride, na mabroka wakipita katikati wakikadiria kwa macho. Si mahali ambapo ungetarajia kukuta jazi.

Lakini ipo, na hapa inabidi nieleze jazi gani, maana neno lenyewe limesafiri. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wanaposema jazi ya bendi kubwa wanamaanisha swingi ya miaka ya 1930 na 1940: Duke Ellington, Count Basie, Benny Goodman, safu ya tarumbeta, safu ya trombone, safu ya saksafoni, na ukumbi mzima unacheza. Huku kwetu Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, kisha zikaja Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, NUTA Jazz. Congo kulikuwa na African Jazz na OK Jazz. Ukiziweka rekodi zao ukitegemea kumsikia Ellington utashangaa. Utasikia zaidi Cuba, kwa sababu santuri za Kicuba za mfululizo wa GV zilianza kutolewa mwaka 1933 na zikauzwa sana Afrika. Utasikia pia mwangwi wa beni, zile tarumbeta na ngoma za gwaride ambazo vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana nazo enzi za ukoloni. Kilichobaki cha jazi ya Marekani ni jina na wazo: kundi kubwa la wanamuziki waliovaa vizuri, vyombo vya shaba vinang'aa, dansi mpaka usiku wa manane. Mimi naona hilo linatosha kuwafanya ndugu. Kuna wakusanyaji wanaokataa, wanasema jina Jazz lilikuwa pambo tu. Sawa, lakini muulize mzee yeyote aliyecheza dansi ile kama alikuwa anacheza pambo.

Zilifikaje Mitunguu? Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodiwa redioni Dar es Salaam, na zilizotaka rekodi ya kuuzwa dukani mara nyingi zililazimika kuja Nairobi. Mbaraka Mwinshehe alikuja kurekodi hapa na Morogoro Jazz, baadaye na Super Volcano, na ni hapa Kenya alikofia, kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. River Road ndiko zilikouzwa, na kutoka hapo zikapanda mabasi na malori kama bidhaa nyingine yoyote. Mwalimu alinunua moja akipata mshahara. Mwenye baa alinunua kumi.

Jirani yetu mmoja, ambaye namwita shosho ingawa hatuna udugu wa damu, alikuwa ameolewa na dereva wa lori. Mzee alifariki zamani. Aliacha redio kubwa ya mbao yenye sehemu ya kupigia rekodi juu, ambayo haijafanya kazi tangu nikiwa mtoto, na boksi la katoni lenye rekodi arobaini na kitu. Nyingi ni zile ndogo za inchi 7 zenye nyimbo mbili, au wimbo mmoja uliokatwa katikati, sehemu ya kwanza huku na ya pili ukigeuza. Mwaka jana akaja mnunuzi kutoka Nairobi. Bei yake: shilingi 50 kila moja, achukue zote. Mwanawe shosho alitaka wakubali palepale. Elfu mbili si pesa ya kuchezea wakati shule zinafunguliwa, na boksi lilikuwa limekaa miaka bila mtu kuligusa. Shosho akasema angoje kwanza, aje yule mtoto wa jirani anayejua mambo ya rekodi. Yaani mimi.

Niliziangalia moja moja. Nyingi zilikuwa zimechoka: zimekwaruzwa, chache zimepindwa na joto kama sahani ya bati iliyokanyagwa, majalada ya karatasi yameliwa na mchwa. Hizo hata 50 ni heshima. Lakini kulikuwa na nne au tano safi, na mojawapo, ya bendi ya Tanga, ni ya aina ambayo nimeiona ikiulizwa zaidi ya dola 100 kwenye mtandao. Hiyo ni karibu shilingi 13,000. Mnunuzi aliijua, na nadhani ndiyo sababu hakuitaja. Alitaka boksi lote "kwa pamoja," na mazungumzo yake yote, nilivyosimuliwa, yalikuwa juu ya zile zilizopinda.

Kwa mtu aliyelelewa Mitunguu, huu ni mchezo unaojulikana. Broka wa ndizi anafika shambani, anautazama mkungu, anataja bei. Hana mizani. Mkulima naye hana habari ya bei ya Marikiti asubuhi hiyo. Ukimlalamikia anajibu: bila mimi zingeivia hapa zioze. Na usidhani anadanganya. Zingeoza kweli. Amelipa lori, amelipa mafuta, amelipa wapakiaji, na hasara ya zinazopondeka njiani ni yake. Kila kitu anachosema ni kweli, na bado watu waliamka wakadai mizani, wakaanzisha vikundi vya kuuza kwa kilo. Hawakuwa wanabisha kwamba ndizi zinaoza. Walichokataa ni ukweli mmoja kutumiwa kufunika mwingine: kwamba yeye alijua bei na wao hawakuijua.

Mnunuzi wa rekodi anaposema aliokoa, anaitamka sentensi ileile ya broka. Tofauti ni kwamba broka hatumwandikii makala za kumsifu.

Rafiki yangu wa Mombasa alicheka nilipomsimulia. Akaniambia jambo hili lilishaamuliwa karne nyingi zilizopita. Katika mafundisho ya Mtume kuna katazo la kuupokea msafara njiani, yaani kutoka mjini ukakutane na wanaoleta bidhaa, uzinunue kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na kama umeshanunua, muuzaji akifika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara. Mimi si Mwislamu, lakini napenda jinsi katazo hilo lilivyopimwa. Haliseme faida ni haramu, wala kwamba ujuzi wako ni dhambi. Linagusa kitu kimoja tu: usimwahi mtu kabla hajapata nafasi ya kujua. Na kwa upande wa rekodi, Mitunguu yote iko njiani. Soko liko mbali, ndani ya simu, kwa Kiingereza na kwa dola.

Warumi nao walibishana. Cicero anasimulia juu ya mfanyabiashara anayefikisha nafaka kisiwani Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko nyuma yake. Je, awaambie wanunuzi? Wanafalsafa wawili wa Kistoiki walitofautiana: Diogenes wa Babylon akaona halazimiki kusema kila anachokijua, mwanafunzi wake Antipater akaona analazimika. Mimi niko na Antipater, ila si kwa asilimia mia, kwa sababu ujuzi nao ni kazi. Kuna watu wametumia miaka ishirini kujifunza namba za lebo, nani alipiga saksafoni kwenye rekodi gani, chapa ipi ilitoka kwanza. Hawadai chochote kwa kazi hiyo? Wanadai. Pale Kenyatta Market, Nairobi, James Rugami ameuza na kutunza santuri kwa miaka mingi, na duka lake ni mahali ambapo mtu wa rika langu anaweza kuingia hajui kitu akatoka anajua. Huduma hiyo ilipwe, tena vizuri. Lakini mtu anayeingia dukani amekuja kununua, amejiandaa, na akiona bei ni kali anaondoka. Shosho alifuatwa nyumbani kwake.

Kwa hiyo nilimwambia bei. Nilimtenganishia rekodi tano, nikamwonyesha kwenye simu zinaulizwa kiasi gani, nikamwambia pia kwamba bei ya kuulizwa si bei ya kulipwa, na kwamba kuzituma nje kuna gharama na kuna hasara zikivunjika. Hiyo ndiyo mizani niliyokuwa nayo. Mnunuzi alipopigiwa simu alisema nimeharibu biashara.

Nilidhani maswali yameishia hapo. Bei ya haki imepatikana, tuuze, twende. Kumbe hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Chukua kisa cha Bill Savory, ambacho wapenzi wa swingi wanakijua sana. Alikuwa fundi wa sauti New York. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 alikuwa akirekodi bendi kubwa moja kwa moja kutoka redioni: Count Basie akiwa na Lester Young, Benny Goodman, Coleman Hawkins, Billie Holiday. Santuri za kawaida za wakati huo zilibeba muziki wa dakika kama tatu tu kila upande. Za Savory zilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo zilishika yale ambayo dukani hayakuwepo, wanamuziki wakipiga kwa muda waliotaka mbele ya watu. Aliziweka nyumbani kwake. Loren Schoenberg, mwanamuziki na mwanahistoria wa jazi, alikutana naye mwaka 1980 na kwa miaka mingi alimwomba azisikie. Savory hakukubali. Alifariki mwaka 2004, na mwaka 2010 mwanawe aliziuza kwa Makumbusho ya Taifa ya Jazi ya Harlem, karibu santuri elfu moja. Karibu robo zilikuwa katika hali mbaya sana. Zilizopona zinaonyesha wanamuziki ambao watu walidhani wanawajua.

Sasa, Savory aliokoa? Bila shaka. Asingewasha mashine yake usiku ule, sauti zile zingepotea hewani. Lakini baada ya hapo alikaa nazo zaidi ya miaka sitini. Lester Young alikufa mwaka 1959 na Coleman Hawkins mwaka 1969, na rekodi hizi zilikuwa bado zimefungiwa. Mtu huyohuyo aliuokoa muziki ule, na mtu huyohuyo akaacha sehemu yake ioze.

Kisa cha pili kinakwenda upande wa pili. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi, kikidai malipo kutoka kwa kampuni za santuri. Jeshi lilitaka muziki kwa askari wake vitani, hivyo kukafanyika mapatano: wanamuziki wapige bila malipo, santuri zitolewe kwa jeshi pekee, zisiuzwe kamwe. Ziliitwa V-Disc, zikatengenezwa kuanzia 1943 hadi 1949, na bendi kubwa nyingi za swingi zilishiriki. Mradi ulipokwisha, nakala mama ziliharibiwa kama mapatano yalivyotaka, na wapelelezi wa FBI wakawa wanawasaka waliorudi nazo nyumbani kwa siri. Kuna mtu alifungwa jela kwa kukutwa nazo. Leo watu husikiliza muziki ule kwa kiasi kikubwa kwa sababu askari waliiba.

Najua ni rahisi kuhukumu ukiwa mbali. Wanamuziki wale walikuwa na sababu nzuri ya kutaka ziharibiwe: walipiga bure, na kila santuri iliyoingia mtaani ilikuwa kazi yao ikishindana nao wenyewe. Siwezi kusema askari hakumkosea mtu. Lakini nikiulizwa kati ya askari aliyezificha kwenye begi akaja kuwapigia majirani, na Savory aliyekaa juu ya hazina yake kwa miongo sita bila kusumbuliwa na polisi, nani aliutendea muziki haki zaidi, namtaja askari. Na hili linanisumbua, kwa sababu wakusanyaji wengi ninaowajua, hata wale wanaolipa bei nzuri kabisa, wanafanana zaidi na Savory.

Hapa Kiswahili kina neno linalonisaidia kuliko "kuokoa," nalo ni amana. Mali ni yako hata ukiificha uvunguni. Amana ukiificha mpaka mwenyewe asiweze kuifikia umeshaikosea, hata kama haijaguswa na mchwa. Nadhani rekodi ikishaingia mkononi mwa mkusanyaji inageuka amana, na sababu yangu si hisia. Ni kwamba aliyemuuzia hakuwa na uwezo wa kumuuzia yote.

Fikiria shosho aliuza nini. Aliuza plastiki. Muziki uliomo haukuwahi kuwa wake kuuza. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, haki ya rekodi yenyewe kama sauti hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na haki ya wimbo hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo rekodi ya mwaka 1970 imeshaachiliwa kama sauti, lakini nyimbo alizotunga Mbaraka mwenyewe zina wenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2029. Na sheria ni sehemu ndogo tu ya mambo. Katika biashara ya studio za wakati ule wanamuziki wengi walilipwa mara moja, wakaenda zao. Kuhusu "Malaika," wimbo ambao dunia nzima inaujua, tuna Fadhili William aliyeurekodi na kutambuliwa kama mwenye haki, na tuna Adam Salim aliyedai mpaka mwisho kwamba aliutunga yeye. Kama wimbo mkubwa kiasi hicho una ugomvi, nani anajua majina ya wapiga tarumbeta wa upande wa pili wa rekodi ya inchi 7 iliyoliwa na mchwa Mitunguu?

Anayeweza kujua ni mjukuu wake, akiusikia. Ndiyo maana mimi siwalaani watu wanaopandisha nyimbo hizi YouTube bila kumuuliza mtu. Wanavunja sheria, ndiyo. Lakini sehemu kubwa ya rika langu imeujua muziki huu kupitia kwao, na chini ya nyimbo zile, katikati ya matusi na matangazo, utakuta mtu ameandika kwamba huyo anayepiga solo ni babu yake, na kijiji anakitaja. Hakuna rafu iliyofungwa ya mkusanyaji iliyowahi kupata jibu la namna hiyo. Kama kuna pesa inaingia kwa wimbo huo, basi deni lina anwani sasa. Anayejua anwani na bado halipi, huyo ni mjadala mwingine, na mimi simtetei.

Mfano mmoja wa amana kurudishwa tunao hapa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Bonde la Ufa akirekodi muziki, na kwa Wakipsigis akarekodi wasichana wakiimba juu ya Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina lilitoka kwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Tracey alianzisha hifadhi yake, ILAM, mwaka 1954; leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wimbo ule ulisifiwa ughaibuni kwa miongo mingi. Zaidi ya miaka 60 ilipita kabla watu wa ILAM na wenzao wa Kenya hawajarudi na nakala kutafuta waliorekodiwa na jamaa zao. Nafurahi kwamba walirudi. Lakini wengi wa waimbaji wangekuwa wamezeeka au wamekufa, na sioni kwa nini kitu kinachochukua dakika chache kunakiliwa kichukue maisha ya mtu mzima kurudi.

Mambo haya yote sikuyawaza nikiwa nimekaa na vitabu. Yaliletwa na shosho. Nilipomaliza kumweleza bei, jambo la kwanza aliloniuliza halikuwa la pesa.

"Na zikienda, mwanangu, zitakaa wapi?"

Nikamwambia inategemea mnunuzi. Nairobi, pengine Ulaya.

"Na mimi nikitaka kuisikia ile ya mzee?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya bei tu. Mwanawe akamkumbusha kwamba redio iliharibika miaka mingi, kwa hiyo hata zikikaa hapa hazisikii. Shosho akasema hilo analijua, yeye ndiye alikuwepo ilipoharibika. Kisha akanyamaza, na mimi nikaelewa kwamba kwa hesabu yake hakuna kitu kilichokuwa kimetupwa. Boksi lilikuwa mahali alipolijua. Neno kuokoa halikuwa na kazi pale.

Wikendi iliyofuata nilikuja na mashine yangu ndogo ya kupigia rekodi na kompyuta. Tulianza asubuhi, tukamaliza giza likiingia, maana kila rekodi lazima uifute, uipige kwa mwendo wake wenyewe, uigeuze, uipige tena. Zilizopinda sindano iliruka, tukaziachia hapo. Shosho alikuwa akichambua maharagwe. Nyingi hakuzijali hata kidogo, na nyingine alisema mzee alizinunua kwa kuburutwa na marafiki. Kuna moja aliniomba niirudie mara tatu, na si ile ya Tanga. Ni ya bendi ambayo lebo yake imebanduka, sikuweza kuitambua, na kwa mkusanyaji yeyote haina thamani ya hata hiyo 50. Hiyo haikuuzwa. Nakala za nyingine zote ziko kwenye kadi ndogo ndani ya redio yake mpya, ile ya betri, na nakala nyingine ninazo mimi, pamoja na picha za lebo na maandishi ya kalamu ambayo mzee aliandika kwenye baadhi ya majalada: jina lake, mwaka, na mji aliponunulia.

Utasema nimemfanyia shosho hisani, na kwamba mnunuzi hana wajibu wa kukaa siku nzima akipiga rekodi za watu. Labda siku nzima hana. Lakini akiulizwa zitakaa wapi awe na jibu, na mtu aliyeishi na rekodi miaka hamsini abaki na namna ya kuzisikia, na jina la aliyezitunza lisafiri nazo. Hayo sioni kama hisani. Ni sehemu ya bei, kama lori lilivyo sehemu ya bei ya ndizi, na asiyeweza kuilipa hana haja ya kununua.

Mwanawe bado anadhani tulichelewesha mambo, na ana hoja, kwa sababu muhula ulifunguliwa kabla pesa hazijapatikana na mtoto alikaa nyumbani siku nne. Siku hizo nne sijui kuzipima na kitu gani.

Rekodi nne ziliuzwa mwezi wa tatu kwa yuleyule mnunuzi, ambaye alirudi mwenyewe na bei nyingine kabisa, akabishana vizuri, akalipa taslimu. Nilimpa karatasi yenye jina la mzee na maandishi ya jalada, nikamwomba anijulishe ile ya Tanga itakapofika kwa mtu wa mwisho. Alisema hakuna shida. Nimemwandikia mara mbili tangu wakati huo, na ujumbe una tiki mbili za buluu.